Filamu Tulizozimalizia Gizani

Kabla sijaona filamu yoyote ya kutisha, nilisikia moja. Kucha zilikuwa zikikwaruza ubao, taratibu, kama mtu anayetafuta msumari uliolegea. Kisha mwanamke akavuta pumzi kana kwamba anataka kusema jambo, asiseme. Kisha, kutoka upande huohuo wa pazia, vijana wakaangua kicheko na mmoja akapaza sauti: "Kimbia, mama! Unangojea nini?"

Nilikuwa upande wa jikoni, mikono ndani ya beseni la vyombo, mdogo mno kuruhusiwa sebuleni Jumapili mchana wakati kaka yangu na rafiki zake walipowasha televisheni. Pazia lilikuwa zito, la kijani zamani, lakini vumbi jekundu la Kolwezi lilikuwa limelipiga hadi likapata rangi isiyo na jina. Nilisimama pale, sahani ikinidondoshea maji miguuni, nikaijenga filamu nzima kichwani kwa kucha zile na pumzi ile. Mkwaruzaji nilimpa mikono mirefu isiyo na viwiko. Nilimpa macho mahali pa masikio. Baadaye sana, nilipokubaliwa kukaa mkekani pamoja nao, diski ileile ikawekwa tena, nami nikamwona kwa macho: mzee aliyevaa uso wa mpira, na ukingo wa mpira ukionekana shingoni. Nusura nilie kwa hasira.

Hadi leo ninaamini kwamba filamu ya kutisha inayoharakisha kumwonyesha mnyama wake imejinyima chakula. Kinachosikika nyuma ya pazia ni changu, nimekikuza mwenyewe. Kinachoonyeshwa ni cha fundi wa mpira.

Kaka yangu na rafiki zake walikuwa wachimbaji, vijana wa shaba na kobalti. Baadhi walikuwa wa hapa kwetu, wengine walikuja kutoka Kasai na kwingine mbali, wakajifunza Kiswahili chetu machimboni. Siku za kazi walirudi na nyuso za udongo. Jumapili walioga, wakavaa mashati yaliyopigwa pasi, wakapitia misa au ibada, kila mmoja na kanisa lake, halafu wakaja kwetu kutazama watu wakiliwa. Mama aliweka jagi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, katikati ya mkeka. Pazia la dirisha lilivutwa ili mwanga usiharibu picha. Nje jua lilikuwa likichoma mabati; ndani ilikuwa giza letu la kujitengenezea, lenye harufu ya sabuni na viazi vitamu vilivyochomwa.

Walikuwa watazamaji wabaya kuliko wote niliowahi kuwajua, na ninawakosa kila ninapobonyeza kitufe. Hawakunyamaza. Walimshauri kila aliyeingia chumba chenye giza. Maiti wanaotembea waliwachekesha mpaka machozi. "Tazama ule! Anatembea kama tonton muzee mwenye kuumwa magoti, na bado bantu banakamatwa!" Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa rafiki mkuu wa kaka yangu, kijana mnene mwenye pengo mdomoni, baba wa watoto wawili tayari. Yeye aliwaonea huruma wanyama wenyewe. Mnyonya damu mmoja aliyelala kwenye jeneza la kifahari alimfanya atikise kichwa: "Mwanaume mzima, nyumba kubwa vile, hana hata mutu wa kumupikia."

Kwenye filamu ambazo uovu huishi chini ya sakafu walinyamaza kidogo, kisha wakacheka kwa namna nyingine. Kwetu chini ya sakafu ndipo watu walipotafuta riziki. Mtaa wa jirani kulikuwa na familia zilizochimba ndani ya vyumba vyao vya kulala, kitanda kikisogezwa ukutani. Mzungu wa kwenye filamu akisikia kitu kikigonga chini ya mbao, anaita polisi. Rafiki yule mnene alisema: "Angeuliza kwanza banapata kilo ngapi."

Mama hakujali wanyonya damu, hao aliwaita michezo ya Wazungu. Lakini kwa filamu za uchawi, zile za Afrika Magharibi zilizotiwa sauti ya Kifaransa, aliacha kila kitu akaja kukaa. Kwake hizo zilikuwa habari. Mjomba anayemwekea mpwa wake kitu kwenye mboga, mke mwenza anayezika nywele chini ya kizingiti: Mama aliangalia hivyo kama watu wanavyosikiliza taarifa ya ajali, mkono kifuani, rozari ikiwa tayari. Na kwa sababu waigizaji walikuwa walewale, alifuatilia maisha yao. Palikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa mganga katili katika kila diski. Jumapili moja akatokea katika filamu nyingine amevaa kanzu ya kasisi, akiwabariki watoto. Mama alisimama.

"Ameokoka!" alisema. "Yesu wangu, ule muzee ameokoka!"

Alipiga goti palepale akashukuru, na hakuna aliyethubutu kucheka, hata yule mnene. Wiki kadhaa baadaye mzee yuleyule akarudi na chungu chake na manyoya ya kuku. Mama alitazama mpaka mwisho. Alipokuwa akitoa vyombo nilimsikia akinong'ona, "Amerudi nyuma." Jioni hiyo alimtaja kwenye sala ya familia, kati ya bibi mgonjwa na Baba, aliyekuwa karani wa reli huko Tenke na aliyekuja nyumbani mara chache.

Nimejaribu kuwaeleza marafiki zangu wa vikao vya fasihi kwamba hakuna mhakiki niliyemheshimu kama Mama. Hawa wanajua taa imewekwa wapi na kamera imeshikwaje. Mama alimwombea mwigizaji.

Sasa niseme kuhusu umeme, kwa maana bila umeme wa Kolwezi nisingekuwa mwandishi. Ulikatika Jumapili kama ulivyokatika siku nyingine, bila kubisha hodi, na mara nyingi katikati ya filamu. Picha ilijikunja ikawa doa jeupe, doa likafa. Nyumba nyingine watu wangeguna na kwenda zao. Nyumba yetu haikuruhusu hivyo. Mama alikuwa na imani moja isiyojadiliwa: filamu ya maiti na mashetani ikikatika kabla ya mwisho, waliomo hawana pa kwenda. Hawajazikwa, hawajafukuzwa, mlango wao haujafungwa. Wanabaki sebuleni. Kwa hiyo mtu lazima aimalize kwa mdomo, awazike wafu, amfunge shetani, awarudishe walio hai majumbani kwao, kisha Mama aseme Amina, ndipo watu waweze kusimama.

Mwanzoni kaka yangu ndiye aliyemaliza, lakini alimaliza vibaya. "Polisi bakakuja, bakamupiga risasi, film ikaisha." Wachimbaji walilalamika. Siku moja nilijitosa, nikiwa bado na sauti ya kitoto, nikawaambia kwamba polisi hawakuja kwa sababu daraja lilikuwa limesombwa, na kwamba yule msichana alikuwa peke yake na taa ya mafuta iliyobakiza kidole kimoja cha mafuta. Nikasikia watu wazima wakiacha kutafuna karanga. Tangu hapo, umeme ukikatika, sauti ya kwanza gizani ilikuwa ya yule mnene: "Mutoto iko wapi? Aje amalize!"

Kuna kumbukumbu ninayotaka kuifikia, na kabla sijaifikia nasema mapema: hakuna anayekufa ndani yake. Ninachoka na tamthilia za siku hizi zinazonifichia kifo kwa saa nane ili nisizime simu. Nyingine zinamwua msichana dakika ya kwanza, hata hatujasikia anavyocheka, ili mpelelezi apate sababu ya kuwa na huzuni. Picha zenyewe zimekuwa nyeusi kiasi kwamba kwenye kioo cha simu namwona zaidi mtu anayetazama kuliko anayetazamwa. Natazama peke yangu, vipokea sauti masikioni, na nikishtuka hakuna bega la kuangukia. Hofu ya mtu mmoja ni nyembamba. Ile yetu ilikuwa na joto. Basi, wote wako hai: kaka yangu, Mama, na yule mnene, ambaye aliacha mashimo baadaye na sasa anauza samaki wakavu na chumvi huko Dilolo, mpakani.

Wakati huo kaka yangu alikuwa bado mtu wa juu. Alibeba magunia, aliosha mawe mtoni, hakushuka. Kisha rafiki yake akapata nafasi katika shimo refu upande wa mgodi wa Mashamba na akamchagua yeye awe mwenzake wa kamba. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, wawili wawili: mmoja anashuka, mwingine anashika kamba juu, kesho wanabadilishana. Humchagui mwenzako wa kamba kwa nguvu za mikono tu. Unamchagua kama unavyomchagua mtu wa kuoa dada yako. Kaka yangu alikuwa amekubali, wangeanza Jumatatu. Mama alikuwa amelia, amefoka, amemwita katekista, amemtumia Baba ujumbe Tenke. Kaka yangu alijibu kwa upole na hakubadilika.

Kundi lao lilikuwa na sheria moja ambayo hata mimi niliijua. Mchimbaji hasemi "naogopa." Anaweza kusema anaumwa, ana usingizi, amegombana na mkewe. Akilitamka lile neno mbele ya wenzake, hashuki tena, wala hakuna atakayempa kamba yake, kwa sababu mikono ya mwenye hofu hufunguka. Hawakulitamka kwa mzaha wala usingizini. Nadhani ndiyo maana walikuja kwetu. Mbele ya televisheni waliweza kupiga kelele, kuficha macho kwa shati, kushikana mikono wanaume kwa wanaume, na isihesabiwe kuwa hofu. Watu wanaosema filamu za kutisha zinaharibu vijana hawajawahi kukaa na vijana ambao kutwa nzima wanakatazwa kutetemeka.

Ilikuwa Jumapili ya mvua, siku moja kabla ya kuanza. Wengine walikuwa wamezuiwa na mvua. Sebuleni tulikuwa kaka yangu, yule mnene, na mimi, na Mama akiingia na kutoka. Diski ilikuwa na filamu kadhaa, na jalada lake halikufanana na hata moja. Waliyoweka ilihusu watu walioshuka pangoni kwa matembezi, wakacheka, wakaimba, kisha mawe yakaziba nyuma yao.

"Bajinga," alisema yule mnene. "Hakuna mutu alibaki juu?"

"Hakuna," alisema kaka yangu.

"Basi njo kosa yao ya kwanza."

Walikuwa bado wanatambaa, mmoja nyuma ya mwingine, taa zikianza kufifia, umeme ulipokatika.

"Balikata tena! Mutoto, kazi yako."

"Aje kwanza kuchukua munkoyo," Mama aliita kutoka jikoni.

Nilimkuta amesimama kando ya mbabula, jiko letu la mkaa, makaa yakimwangaza kidevu tu. Hakunipa jagi. Alinishika bega na kunisogeza karibu na mdomo wake, na nikasikia kwamba alikuwa amelia tena.

"Bote," alisema. "Ubaue bote."

Mama yangu hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu zilipofika alimwita jirani, akaenda kusimama barabarani mpaka kuku anyamaze.

"Bote, mama?"

"Asibaki hata mumoja. Na upole-pole. Asikie."

Nikarudi mkekani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, ikabidi nipaze sauti. Nilianza na mzee wao, kwa kuwa wazee hufa kwanza katika filamu, na yule mnene akapinga.

"Apana! Ule alikuwa na taa mbili!"

"Moja iliingia maji," nikasema.

"Na ingine?"

"Alimpa binti yake."

"Ah. Basi." Akavuta munkoyo uliobaki kikombeni. "Endelea."

Nikamwua binti. Sikutumia mnyama, filamu ile haikuwa na mnyama na nilimshukuru aliyeitengeneza. Nilitumia udongo. Nilitumia namna udongo unavyoanza kwa punje moja sikioni. Nilijua mambo hayo kwa kuwasikiliza wao wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, wakitaniana juu ya jagi. Yule mnene aliacha kupinga. Nilimwua mwimbaji, wimbo wake ukakatika kwenye neno ambalo hakulimaliza. Akabaki kijana mmoja. Alikuwa akitambaa kwa viwiko, na mara kwa mara alipangusa paji la uso kwa kifundo cha mkono, si kwa kiganja. Sikuwa nimepanga hivyo. Mimi namjua mtu mmoja tu anayejipangusa namna ile, na alikuwa ameketi mbele yangu.

"Halafu akasikia juu yake..."

"Ule umuache," kaka yangu alisema.

Mvua peke yake ikaendelea.

Yule mnene akacheka. "Eh! Mwanaume anaogopa film bila picha!"

Hakuna aliyecheka naye. Alingoja, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Nilikuwa nacheka tu. Weye pia ucheke."

"Naogopa," alisema kaka yangu.

"Uko nasema ju ya film."

"Apana."

"Sema ni ju ya film, ndugu yangu. Mi sijasikia bado. Mvua ni nguvu."

Alikuwa akimpa nafasi ya kulirudisha. Hata mimi mtoto niliona. Kaka yangu alisogeza kikombe chake kando, kisha akasema, "Ni ju ya shimo. Naogopa kushuka, na naogopa zaidi siku yangu ya kushika. Nikiwaza uzito yako kwenye ile kamba, mikono inatoka jasho."

Mama alikuwa amefika mlangoni mwa jikoni na jagi, mwanga wa mbabula nyuma yake. Alikuwa amepata alichokitaka, na nilitazamia aseme Amina. Hakusema. Alikuwa akimtazama yule mnene.

"Basi nani atanishikia?" yule mnene aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta viatu vyake.

"Usiende pia," kaka yangu alisema. "Baba anaweza kututafutia kazi Tenke, ya kupakia mabehewa. Twende wawili."

"Mi niko na batoto. Mabehewa itangojea mpaka lini?"

"Na weye pia, mutoto yangu," Mama alisema. "Na weye ukae."

Yule mnene alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, na pengo lake likaonekana. Sijui kama alikuwa amekisia kilichosemwa jikoni. Alikuwa ametazama filamu nyingi mno kutonusa njama.

"Mama, kwako haturuhusiwi kuondoka film haijaisha," alisema. "Kuna mutu bado iko ndani. Mutoto, umutoshe."

Nikamtoa. Nilimpa mwanya wa hewa, nikampa mizizi ya mti ya kushika, nikamfikisha juu kwenye majani yenye mvua. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuacha, nikamfanya ageuke na kuangalia chini, na mkono mwingine ukatokea, wa mwimbaji. Na wa binti. Na mzee na taa yake iliyoingia maji.

"Bale balikufa," alisema yule mnene.

"Walikuwa wamezimia."

"Na udongo sikioni?"

"Walipangusa."

"Film ya bure kabisa," alisema, na alikuwa akitabasamu. "Mbaya kuliko zote ulituambia."

Nami nakubaliana naye. Kama mhakiki ningeicharaza. Huwezi kumzika mtu kwa subira namna ile halafu ukamrudisha kwa huruma. Hofu inakuwa deni lisilolipwa. Ninaandika riwaya sasa, na sijawahi kuandika mwisho mbaya kama ule, wala mwingine ninaoupenda hivyo.

Mama akasema Amina. Yule mnene akasimama, akaingiza shati ndani ya suruali kwa uangalifu kama mtu anayetoka kanisani. Akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Mimi akanigusa kichwa. Kaka yangu alikuwa amesimama pia, na nilidhani wangekumbatiana, lakini rafiki yake alimpita, akageuka tu kidogo.

"Kazi muzuri huko Tenke," alisema.

"Chukua mwavuli."

"Nitashuka shimo na mwavuli?"

Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya wachimbaji nyumbani kwetu. Wenzake hawakumchukia kaka yangu, walimsalimia njiani, walimwuliza habari za Mama. Lakini hawakuweza tena kukaa mkeka mmoja na mtu aliyelitamka lile neno, na mimi nikabaki na kipaji na televisheni na umeme unaokatika, bila watu.

Yule mnene alifungua mlango, na kelele za mvua zikaingia zote kwa mkupuo. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka. Hakukimbia. Kaka yangu alimtazama mpaka kwenye kona ya ukuta wa jirani. Kisha akausukuma mlango polepole, ukafungika.